Jina la Mama katika Kitabu cha Ubatizo

Esta, aliyekalia kiti changu katika ofisi ya parokia, amenipigia simu mara sita wiki hii. Mara ya kwanza alitafuta ufunguo wa kabati. Mara ya pili alitaka kujua kwa nini kitabu cha mazishi kinanuka mafuta ya taa. Mara ya sita nikamwambia, "Mwanangu, tulia, nitakuandikia." Basi ninaandika, kwa ajili yake na kwa atakayemfuata. Nilikuwa sekretari wa kanisa letu la Kianglikana hapa Likasi kwa zaidi ya miaka thelathini. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo mara ngapi, jibu ni fupi: ofisi ile ina kiti kimoja, na haina ngazi.

Nitaandika Kiswahili cha kitabu, kile tulichofundishwa na wainjilisti. Lakini watu nitawaacha waseme kama walivyosema. Wengine ni marehemu, na sitaki kuwasahihisha wakiwa hawawezi kunijibu.

Siku yangu ya kwanza sikupewa kalamu. Nilipewa kitambaa. Mzee Natanaeli, mwalimu wa katekisimu aliyetunza vitabu kabla yangu, alinionyesha rafu yenye rejista kumi na mbili: za ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. "Vumbi kwanza," alisema, kisha akakaa kwenye benchi na kopo lake la karanga. Kiangazi cha Likasi mnakijua. Vumbi jekundu linaingia hata ndani ya Biblia iliyofungwa. Nilifuta vitabu wiki mbili nzima, ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa wowote nilioufuta kwa haraka aliurudisha mbele yangu bila kusema neno.

Nikifuta, yeye alisimulia. Kanisa lile lina umri mkubwa kuliko sisi sote. Lilijengwa kwa matofali mekundu, na mnara mfupi wa kengele, na Waingereza waliokuwa na kazi hapa pamoja na watu wetu waliovuka mpaka kutoka kusini kuja kufanya kazi ya migodi. Walikuja na sala zao kama mtu anavyokuja na blanketi lake. Baba yake Natanaeli alibeba matofali yale kichwani. Ukutani kuna vibao vya shaba vilivyoandikwa Kiingereza. Nilipoanza kazi, ni mzee peke yake aliyeweza kuvisoma, na niligundua kwamba kibao kilekile alikitafsiri vingine kila mwezi. Watu wa mtaa wa Kikula walisema "kanisa ya Bangereza" hata baada ya Mwingereza wa mwisho kurudi kwao zamani, na wanaojaza mabenchi ni Wasanga, Wabemba, Walamba na Waluba wa Kasai: makarani, wauzaji wa soko, wafanyakazi wa kiwanda.

Wiki ya tatu nikapewa kalamu. Ya wino wa chupa, si ya biki, kwa sababu biki inafifia, na mtu anabatizwa mara moja tu. Mchwa hawapendi mafuta ya taa, kwa hiyo tulipaka rafu kila mwanzo wa mvua, ndiyo maana ya ile harufu, Esta. Kitabu hakitoki nje ya ofisi, hata kwa askofu. Ukikosea, usifute wala usikwangue; piga mstari mmoja mwembamba ili kosa liendelee kusomeka, andika lililo sahihi pambizoni, na pasta aweke jina lake. "Kufuta njo kuiba," mzee alisema, yaani kufuta ndiko kuiba.

Kuhusu majina alikuwa mkali zaidi. Alikuwa amepitia miaka ile serikali ilipokataza majina ya Kikristo, na watu wakabatizwa kwa jina moja na kuandikwa mjini kwa jingine. Katika rejista za wakati ule aliandika herufi ya kwanza tu, kwa kalamu ya risasi, kwa wepesi kana kwamba karatasi ingepiga kelele. P. kwa Paulo. R. kwa Rebeka. Nimetoa vyeti vingi kutokana na herufi zile. Watu wamepata pasipoti, wameingia seminari, wameoa, kwa sababu ya herufi moja ya mzee mwenye karanga.

Kesi ngumu hazikukosekana. Alikuja kijana mmoja mchezaji wa mpira, mrefu, ndevu zimejaa, akitaka nimpunguzie miaka minne kwa sababu timu fulani ilimtaka akiwa mdogo. Nikamfungulia kitabu. Akasoma tarehe yake kwa huzuni kubwa.

"Mama, ile tarehe haiwezi kusogea kidogo?"

"Kitabu haichezake mpira," nikamwambia.

Akacheka, akaenda. Nasikia sasa anafundisha timu ya watoto huko Kamatanda, na kwamba anawadai vyeti vya kuzaliwa. Nimefurahi.

Lakini kesi ninayotaka muijue ni moja. Nimeifikiria kama niiandike au nisiiandike, nikaenda kuwauliza wenyewe, na wenyewe wakasema niandike.

Ilianza mwanzo wa miaka ya tisini, mimi nikiwa bado mgeni kazini. Siasa iligeuka, na familia za asili ya Kasai zikaambiwa zirudi kwao. Kwao! Wengi walizaliwa hapa, babu zao waliletwa kuchimba shaba, na huko Kasai hawakuwahi kufika. Walilala stesheni wiki na wiki wakingoja treni, na magodoro yao, na masufuria, na wagonjwa. Parokia yetu ilipika uji asubuhi na jioni, na pasta wetu alishinda kule stesheni akigawa. Nusu ya mabenchi yetu yalikuwa ya watu hao.

Miongoni mwao alikuwa Yaya Kapinga. Ninamwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinizidi miaka kama minane, na kwa sababu ndiye aliyenishika mkono nilipoingia kwaya nisijue sauti ipi ni yangu. Mume wake alikuwa karani kiwandani. Walikuwa na watoto wanne, wa mwisho msichana wa miezi minane.

Siku moja, saa nane mchana, Kapinga aliingia ofisini akiwa na yule mdogo mgongoni. Nyuma yake alikuja Mama Bwalya, muuguzi wa dispansari, mkristo wetu pia, mjane asiye na mtoto. Mume wa Kapinga alibaki stesheni na wale watatu, kulinda nafasi yao.

"Mzee, unibatizie mutoto," Kapinga alimwambia Natanaeli. "Treni inaweza kukuya leo, inaweza kukuya kesho."

Mama Bwalya aliweka mkono kwenye shingo ya mtoto. Hata mimi niliona vipele na macho mekundu.

"Kapinga, minakuambia kama muganga, si kama rafiki. Iko na surua, imeshuka mu kifua. Ukipanda naye mu ile treni, hatafika."

"Na nikimuacha?"

"Ukimuacha kwangu, atalala mu kitanda, atakunywa dawa. Siwezi kukulapia kama atapona. Minakulapia nitakuwa pale."

Kapinga alikaa kwenye benchi. Nakumbuka kwamba mzee hakugusa karanga.

"Bale batatu beko kule na baba yabo," alisema mwishowe. "Siwezi kujipasua."

Wakati wa hatari mwalimu anaruhusiwa kubatiza, na Natanaeli alimbatiza pale kanisani, kwenye birika la mawe, sisi wanawake watatu tukiwa ndio kusanyiko lote. Mtoto akaitwa Marta. Maji yalimpoza, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja.

Kisha tukarudi kwenye kitabu. Nilichovya kalamu. Nikaandika tarehe, nikaandika Marta, nikafika kwenye safu ya mama.

"Andika miye njo mama yake," alisema Mama Bwalya. "Bakiona jina ya Kasai, batakuya kuniuliza ni mutoto ya nani. Batamukamata."

Nilimtazama Kapinga. Akatikisa kichwa kukubali. "Andika," alisema. "Bora akuwe muzima."

Nisiwafiche. Ningeandika. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mkitazama vizuri mtaona nukta ndogo ya wino pale. Mzee Natanaeli akanishika mkono.

"Kitabu inaweza kunyamaza," alisema. "Kusema bongo, hapana." Bongo, yaani uongo.

Safu ya baba na ya mama tukaziacha wazi. Kisha akachukua karatasi nyeupe, akaniambia niandike kila atakachosema Kapinga. Jina lake kamili, la mume, la mtoto kama nyumbani walivyomwita, Ngalula, majina ya ndugu zake watatu, na mji wanakokwenda, Mwene-Ditu. Kapinga akaongeza maneno machache, nikayaandika pia, akatia sahihi. Mzee akaikunja ile karatasi, akaifunga kwa nta ya mshumaa wa madhabahu, akaitia katika sanduku la chuma la ofisi.

"Itafunguliwa siku mwenyewe anakuya kuuliza," aliniambia. "Mama, ao mutoto. Mungine hapana."

Kapinga alinyonyesha mtoto kwenye benchi la nyuma. Alipomaliza, hakumpa Mama Bwalya mikononi. Alimfunga yeye mwenyewe mgongoni mwa Mama Bwalya kwa kitenge chake, akavuta fundo, akalijaribu, akalifungua, akalifunga tena. Akatoka bila kugeuka. Treni iliondoka kesho yake adhuhuri.

Jumapili iliyofuata tuliimba sauti mbili badala ya nne.

Marta alipona. Nywele zilimtoka zote, zikarudi nyingi kuliko mwanzo. Mama Bwalya alihama mtaa, akaenda mahali ambapo hakuna aliyejua kama amezaa au hajazaa, na watu wakaanza kumwita Mama Marta. Mtoto alipofika miaka mitatu, Mama Bwalya alikuja ofisini siku ambayo mzee hakuwepo.

"Lapa," alisema.

"Nilape nini?"

"Kama hautamuambia hata siku moja. Miye njo mama yake. Barua haikuya, habari haikuya. Pengine bote balikufa mu njia. Lapa."

Nikaapa. Nilikuwa kijana, na kijana huapa kama anavyopiga chafya. Miaka ikapita ndipo nikaelewa kwamba ndani ya sanduku la chuma la ofisi nilikuwa na ahadi mbili, na siku moja zingegombana.

Kweli habari haikuja. Reli iliharibika, vita vikaja, posta ikawa jina tu. Mzee Natanaeli alikufa usingizini, akiwa ameniachia funguo zote na lile kopo. Mvua moja ya Januari upepo uling'oa mabati ya sakristia, na nilibeba rejista zote hadi chini ya mnara nikiwa nimezifunika kwa vitenge vya akina mama wa Umoja, chama cha wanawake wa kanisa, ambao walibaki na mashati na sketi za ndani, wakiimba. Majirani zetu Wakatoliki walileta turubai kabla hatujaomba. Wakristo wetu wa zamani nao wakaanza kurudi kutoka Kasai, mmoja mmoja, kisha familia nzima, wakakuta mabenchi yapo, wakaketi. Kwaya ikapata sauti ya tatu, kisha ya nne. Kila aliyerudi nilimuuliza habari za Yaya Kapinga. Mmoja alisema amefiwa na mume. Mwingine alisema amehamia kijijini. Hakuna aliyejua zaidi.

Marta akakua. Alisoma shule ya ufundi, akawa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke peke yake katika karakana ya wanaume tisa. Nondo za dirisha la ofisi, Esta, ni kazi yake. Siku alipokuja kupima dirisha alisimama na utepe wake, mgongo wake ukigusa sanduku la chuma. Aliniuliza kwa nini nimekaa kimya hivyo. Nikasema meno yananiuma.

Miaka minne kabla sijastaafu, siku ya Jumanne, akina mama wa Umoja wakifagia uwanja, aliingia mwanamke mzee amebeba mfuko wa plastiki. Alisimama mlangoni, akatazama rafu, akatazama kiti.

"Mzee Natanaeli iko?"

"Alishakufa, mama. Zamani."

Akashika mwimo wa mlango. "Basi nani atajua?" alisema, si kwangu. "Niliacha mutoto hapa."

Hakunitambua, nilikuwa mwembamba wakati ule. Nilimtambua kwa sauti, kwa sababu sauti ya mtu aliyekufundisha kuimba haizeeki. Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Yaya Kapinga. Iko muzima."

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha aliyoisahau.

"Marta iko muzima," nikarudia. "Iko hapa Likasi. Iko na kazi, iko na nguvu."

Alikaa chini sakafuni, palepale, na mfuko wake. Akina mama walikuja mbio na mifagio yao wakidhani ameanguka. Nilipompa maji hakunywa. Alishika kikombe tu. Baadaye alinieleza. Mume wake alikufa mwaka wa pili huko Kasai. Barua alizopeleka kwa mkono wa wasafiri hazikufika. Mtu mmoja aliyetoka huku alimwambia kwamba mtoto wa surua hakupona, na aliamini hivyo miaka mingi, hadi mwaka ule kijana wake mkubwa akamwambia, mama, uliona kaburi? Hakuliona. Akapanda gari.

"Nipeleke," alisema.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Ningeweza kumpeleka, ni dakika ishirini kwa pikipiki. Nilimwomba anipe siku moja. Nikampa chumba cha wageni cha parokia, nikaenda peke yangu kwa Mama Bwalya.

Alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilipomwambia, mikono yake haikusimama, lakini majani mazuri alikuwa anayatupa na mabaya anayaweka.

"Ulinilapia," alisema.

"Nililapa sitasema. Sikusema. Nilikuya ili useme weye."

"Anakuya kumukamata?"

"Mama, mutu ya miaka makumi tatu habebwake mu mugongo."

Alitupa majani mengine. "Weye haujue. Miaka yote hii, mulango ikigongwa, minawaza ni yeye. Hata mu harusi ya batu, minaangalia bageni nyuso. Minachoka kumungojea yule mama. Minachoka." Akafuta uso kwa kiwiko. "Iko namna gani? Anakonda?"

"Anakonda. Na anafikiriaga Marta alikufa. Mutu alimudanganya."

Hapo mikono ikasimama. "Miaka yote?"

"Mingi."

Marta aliporudi kutoka karakana, saa kumi, bado amevaa aproni ya ngozi, Mama Bwalya alimwambia yeye mwenyewe, yote, kuanzia treni. Nilikuwepo kwa sababu alinishika mkono na hakuniachia. Marta alisikiliza amesimama. Mwishoni aliuliza jambo moja tu.

"Ile surua unanisimuliaka. Ni weye ulinichunga?"

"Ni miye."

"Basi," alisema. Akageuka, akarudi karakana.

Siku tatu hakusema na mtu. Alifanya kazi, akala, akalala. Kapinga naye hakukaa chumbani. Parokia ilikuwa na semina ya vijana, na yeye aliingia jikoni na akina mama, akapika kwa watu sitini kana kwamba amepangwa zamu. Kila lango lilipolia aligeuka. Siku ya pili akaacha kugeuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilijilaumu. Nilifikiri, labda nilipaswa kuwakutanisha bila kuuliza, labda nilipaswa kunyamaza. Kazi yetu haina kitabu cha kukuambia hayo.

Siku ya nne asubuhi Marta alikuja ofisini. Hakusalimu.

"Minataka kuona kitabu."

Nikamfungulia. Aliona jina lake, tarehe, na zile safu mbili wazi. Aliweka kidole kwenye ile nukta ya wino. Kisha nikafungua sanduku, nikampa karatasi yenye nta. Nikamweleza kwamba ni yeye au mama yake tu anayeweza kuivunja. Akaivunja. Alisoma majina ya ndugu zake kwa sauti ndogo, polepole, kama mtu anayehesabu vidole vyake. Mwisho akafika kwenye maneno ambayo Kapinga alinitajia niandike, mwandiko wangu wa ujana, herufi zote zimelala upande mmoja: "Simuachi. Minamuweka tu. Nitamurudia."

Marta alikunja karatasi, akaitia mfuko wa aproni.

"Sasa iko wapi?"

"Jikoni."

Jiko la parokia ni banda la mabati nyuma ya kanisa. Kapinga alikuwa anasonga bukari, yaani ugali, kwenye sufuria kubwa, mwiko kwa mikono miwili. Wenzake walimwona Marta kwanza, wakasogea. Kapinga akainua kichwa, mwiko ukasimama.

"Ngalula," alisema.

"Bananiitaka Marta."

"Ndiyo. Marta. Nilikuwa pale siku ulipata ile jina."

Walitazamana. Paji la uso lilikuwa lilelile, watu wote waliliona. Kisha Marta akatoa swali ambalo, nadhani, alilibeba zile siku tatu.

"Ulilia?"

"Hapa, hapana," alisema Kapinga. "Bale batatu balikuwa banaangalia uso yangu. Nililia kufika Kamina. Toka Kamina sikunyamaza."

Marta akaweka mkono mdomoni, na yule fundi niliyemwona akibeba vyuma peke yake akaanza kulia. Kapinga aliacha mwiko, akamfikia. Alimshika kichwa, akamgusa masikio, shingo, kifua, pale surua iliposhuka, kana kwamba bado angeweza kuisikia.

Mimi nilitazama pembeni, na ndivyo nilivyomwona Mama Bwalya langoni. Alikuwa amekataa kuja. Amekuja kwa miguu, na fimbo yake, na viatu vya kanisani. Hakuingia. Kapinga alimwona pia. Akamwachia Marta, akavuka uwanja wote, akapiga magoti mavumbini mbele yake, akashika miguu yake miwili.

"Simama, mama," alisema Mama Bwalya. "Bukari inaungua."

Iliungua kweli. Marta alikimbilia mwiko, amechelewa. Vijana sitini wa semina waliila hivyohivyo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Jumapili ile, baada ya ibada, tulifanya lile la ofisi. Pasta alisoma karatasi, tukajaza safu ya baba na ya mama kwa wino wa chupa, na pambizoni nikaandika kwa nini zilijazwa kwa kuchelewa. Marta alitaka jina la Mama Bwalya liingie safu ileile ya mama. Pasta akaeleza kwamba nafasi ni ya jina moja, na kwamba kitabu kinaandika aliyezaa. Basi nikaandika pambizoni: amelelewa na Bwalya, muuguzi, tangu siku ya ubatizo huu. Mama wote wawili wakatia sahihi. Pambizo la ukurasa ule limejaa kuliko ukurasa wenyewe. Esta, usishangae ukiufikia. Uusome, halafu ufunge kitabu taratibu.

Sisemi kwamba yote yalikuwa asali. Kuna wiki Marta hakutaka kumwona mama yeyote kati ya wale wawili. Mama Bwalya aliugua bila ugonjwa. Kapinga alikuwa na haraka, alitaka kumpikia mtu mzima chakula cha mtoto wa miezi minane, na Marta alimwambia hivyo waziwazi. Lakini Kapinga alikaa nasi miezi miwili, akaimba kwenye kwaya, akatuambia tumeharibu nyimbo zake zote, na alipoondoka kurudi Mwene-Ditu tulimsindikiza watu wengi hadi kwenye gari. Safari hii alifungua dirisha na kupunga mkono mpaka tukapotea.

Kiangazi kilichopita, mwaka wangu wa mwisho ofisini, ilikuwa zamu ya upande huu kusafiri. Marta alipata likizo. Mama Bwalya, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuka ziwa Tshangalele, alisema anakwenda pia. Tulimwonya kuhusu barabara, mgongo wake, siku zile zote njiani. Alituuliza kama tumemaliza, akafunga mzigo.

Nilingoja habari siku tano nikiwa na wasiwasi. Siku ya sita simu ikalia, na nyuma ya sauti yake nilisikia ngoma, vyombo, watoto wengi wakipiga kelele.

"Tulifika," alisema Mama Bwalya. "Bale bandugu yake batatu ni barefu kama miti. Banamubeba mu mabega, mutu muzima, haya hapana! Na chakula yabo haina pilipili."

"Na weye, mama? Uko muzuri?"

"Minachoka masikio," alisema. "Huku mama anaitwaka na jina ya mutoto yake. Mutu akipita mu njia akiita, 'Mama Ngalula!', tunaitikia bote babili."